Lisikilize likiwa baridi

Wewe uliyeanza kazi gereji juzi, ombi langu la kwanza ni hili: ukiambiwa gari lina mlio asubuhi, usilipige stata saa saba mchana kisha useme hujasikia kitu. Mwambie mwenyewe aliache lilale. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari na baridi ya alfajiri hapa hufichua mengi. Gari la Molo au Mau Summit huamkia baridi kali zaidi, na likifika mjini injini imeshapata moto, ugonjwa umejificha.

Mteja mmoja wa Molo alikuwa amebadilishiwa tapeti, vile visukuma valvu, kwingine na mlio ukabaki. Aliponiletea, injini ilikuwa imetulia kabisa. Tukakubaliana gari lilale kwetu. Saa kumi na mbili asubuhi nilichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, mwenzangu akawasha. Tik-tik-tik, na akikanyaga mafuta inaongeza kasi. Juu kwenye kava ya valvu, kimya. Nilipoisogeza ncha karibu na manifoldi ya ekzosi, pale moshi unapotokea kwenye injini, pumzi ikanipiga sikioni. Kwa tochi nikaona alama ya masizi, ndogo kama ukucha, kando ya gasketi. Stadi moja, boliti inayoishikilia manifoldi, ilikuwa imekatika. Chuma kikipata moto hutanuka na kuuziba ule mwanya, ndiyo maana mlio ulikuwa ukipotea kabla hajafika barabara kuu. Tapeti zake za zamani hazikuwa na kosa lolote, na hilo liliniuma, kwa sababu pesa zile zilikuwa za karo.

Cheni ya injini ikikwaruza sekunde moja au mbili tu baada ya kuwasha, uliza kwanza filta ya oili. Filta mbaya huacha oili irudi chini usiku kucha. Ukibadilisha filta na mlio uendelee, hapo sasa angalia tenshena, kile kikaza cheni. Mkanda ukipiga kelele wakati wa umande, unyunyizie maji kidogo. Mlio ukibadilika, ni mkanda. Mgoto mzito wa pistoni hupungua kadiri injini inavyopata moto. Ule unaozidi injini ikipata moto, hasa ukikanyaga mafuta, huenda ni beringi za koni, ule mkono unaoshika pistoni. Zima hapo hapo. Asiende nalo nyumbani.

Giaboksi ya otomatiki ndiyo inayowaponza vijana. Weka rivasi gari likiwa baridi, mguu kwenye breki, uhesabu mpaka lishike. Likichelewa sekunde tatu asubuhi na mchana likashika vizuri, pima oili, kisha fikiria sili zilizokauka. Lakini likishika vizuri asubuhi na kuteleza likipata moto, klachi za ndani zina mashaka. Muulize mwenyewe ni lipi kati ya haya mawili, na umwache aeleze mpaka amalize.

Tena, magari mengi ya otomatiki hukataa kuingia gia ya juu kabisa mpaka injini ipate moto. Limeundwa hivyo. Mtu anayetoka Molo asubuhi ataona resi ziko juu kilomita za kwanza na kudhani giaboksi imekufa. Nimeshuhudia giaboksi nzima ikishushwa kwa sababu hiyo.

Kwa Toyota za zamani zenye dipstiki ya giaboksi, pima oili gari likiwa moto, kwenye tambarare, injini ikiunguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia kila mahali. Pangusa kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu ni nzuri. Kahawia yenye harufu ya kuungua, mweleze mwenye gari ukweli kabla hujagusa spana.

Na usimimine ATF ya kawaida, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, kwenye CVT, ile giaboksi ya ukanda isiyo na gia za hatua, hata kama duka limefungwa na mteja ana haraka. Mle ndani ukanda wa chuma unashika chuma, na oili yake imetengenezwa kwa kazi hiyo. Sisi kila tukibadilisha tunaandika aina ya oili, tarehe na kilomita kwenye kipande cha tepu, tunakibandika chini ya boneti. Fundi atakayelifungua gari hilo Kisumu au Kakamega hatutamjua, lakini atasoma.