Maswali na Majibu: Laini zipi za besi zitanikuza?

SWALI: Habari mwalimu. Napiga besi ya nyuzi nne kwenye bendi ya kwaya hapa Morogoro, huu ni mwaka wa kwanza. Namfuata mpiga kinanda: akishika C napiga C, akihamia F nami nahamia F. Nota sikosei, lakini mpiga dramu analalamika kwamba navuta muziki nyuma, na wengine wanasema besi yangu ni tope tupu. Nimeshauriwa nijifunze laini (mifululizo ya nota za besi) za wapiga besi wakubwa, ila kila nikitafuta nakutana na orodha za nyimbo hamsini au mia. Nianze na zipi? Na nitajuaje kwamba moja imeniingia kabla ya kwenda nyingine?

JIBU: Ndugu, hizo orodha ziweke pembeni. Laini nne zinakutosha kwa mwaka mzima, mradi kila moja ikufundishe kitu ambacho nyingine haikifundishi. Lakini tope litoke kwanza, maana ukilibeba utalipaka kwenye kila laini utakayojifunza.

Tope huwa na vyanzo viwili. Cha kwanza ni nyuzi usizozipiga (kutoka nene hadi nyembamba ni E, A, D, G): ukipiga uzi wa A, uzi wa E ulio wazi nao unatetemeka na kuvuma chinichini. Dawa yake ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Unapopiga uzi wa E, gumba likae juu ya pikapu (kile kipande chini ya nyuzi kinachonasa sauti). Ukihamia A, gumba lishuke likalale juu ya uzi wa E. Ukihamia D, lishuke tena mpaka A huku ubavu wake ukiendelea kuugusa E. Chanzo cha pili ni nota ndefu kupita kiasi. Unapiga C na kuiacha ilie mpaka kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) inayofuata, kwa hiyo snea (ngoma kali ya dramu) inapigwa huku besi bado inanguruma. Mpiga dramu wako anaposema unavuta muziki nyuma, huenda nota zako zinaanza kwa wakati ila hazifi kwa wakati. Punguza mgandamizo wa kidole cha kushoto bila kukiinua kutoka kwenye uzi, na sauti itakatika safi. Fanya zoezi hili: metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kwenye mapigo 70 kwa dakika, nota moja, ianze kwenye pigo la kwanza na ikatike pigo la pili linapogonga. Ukiweza kufanya hivyo dakika tano bila kuteleza, endelea mbele.

Laini ya kwanza iwe ya rumba, kwa sababu iko masikioni mwako tangu utotoni na mkono utachoka kabla ya sikio. Gawa kipimo kimoja (mapigo manne) katika sehemu nane zilizo sawa, kisha piga ya kwanza, ya nne na ya saba. Hesabu kwa sauti: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Kila unaposema "moja", unapiga. Mgawanyo huu wa tatu-tatu-mbili uliingia kwenye rumba ya Kongo kupitia sahani za santuri za Kuba, na hata leo unaubeba muziki mwingi wa dansi. Nota ni do, so na do ya juu. Kwa C: uzi wa A freti (kijimstari cha chuma shingoni) ya 3, uzi wa D freti ya 5, uzi wa G freti ya 5. Kwa F: uzi wa E freti ya 1, A freti ya 3, D freti ya 3. Kwa G, umbo hilohilo la F lipande freti mbili. Zungusha C, F, G, F, kipimo kimoja kimoja. Mzunguko wa aina hii utakutana nao sana kwenye seben, ile sehemu ya rumba ya kuchezea.

Wengi huharibu kwenye ile nota ya tatu. Sehemu ya saba ndiyo pigo la nne la dramu, na mtu mwenye haraka huipiga mapema, akageuza rumba kuwa gwaride. Wengine huichelewesha hadi ya nane, kodi inayofuata ikakosa mahali pa kutua. Utajua imeiva siku utakapoweza kuimba ubeti mzima huku mikono ikiendelea yenyewe.

Laini ya pili ni ya Stand By Me, wimbo wa Ben E. King wa mwaka 1961. Kii (nota ya nyumbani, yaani do) ni A, na mzunguko una vipimo 8: A viwili, F# ndogo (maina) viwili, D kimoja, E kimoja, halafu A viwili. Hapa ndipo utakapoacha kurukia kodi na kuanza kutembea kuziendea. Kutoka A kwenda F# pitia G#, yaani do-ti-la. Kutoka F# kwenda D pitia E. Kutoka E kurudi A panda so-la-ti-do. Nota za kupitia ziweke mwishoni mwa kipimo, ili nota ya kodi mpya itue kwenye pigo la kwanza. Ukiisha kuielewa kwa do-re-mi, ihamishie C na G. Mtu aliyekariri freti peke yake atakwama hapo.

Ya tatu ni Billie Jean ya Michael Jackson, besi ikipigwa na Louis Johnson. Kwa do-re-mi ya kii ndogo ni la-mi-so-la-so-mi-re-mi, nota nane sawasawa ndani ya kipimo kimoja. Zote ziko kwenye nyuzi mbili: D4, A4, D2, D4, D2, A4, A2, A4 (herufi ni uzi, namba ni freti). Kwa macho ni laini ya mtoto. Ugumu wake ni kuirudia kwenye kasi ya karibu 117 kwa dakika nne au tano bila nota moja kuzidi nyingine. Anza na 70, ongeza 4 kila siku ambayo mkono haukukaza. Kiganja kikianza kuuma, unabana shingo ya gitaa kupita kiasi. Simama, legeza, rudi kwenye kasi ya jana. Na hapa ndipo utakapojua kama lile gumba linafanya kazi, maana uzi wa A ukiachwa ulie juu ya D, laini yote inageuka uji.

Ya nne ni ya James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown, Detroit. Usiiguse kabla ya miezi sita. Alipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, kwenye besi ya Fender Precision yenye nyuzi za waya bapa, na chini ya kifuniko cha daraja (kipande kinachoshika nyuzi mwishoni mwa kiwiliwili) palikuwa na sponji ya kufupisha nota. Sponji hiyo unaweza kuiiga leo: kata kipande cha sponji ya godoro, kichomeke chini ya nyuzi karibu na daraja, kibane kiasi cha kuua mvumo bila kuua nota. Chukua vipimo viwili tu vya What's Going On, wimbo wa Marvin Gaye wa 1971. Tafuta mahali anapopita nusu toni kabla ya kufika kwenye nota ya kodi, na mahali anapopiga kati ya pigo na pigo. Viimbe kwanza, usichoweza kukiimba vidole havitakipata.

Rege uisikilize sambamba na hizi, hasa mpiga besi Aston Barrett wa The Wailers, uone jinsi ukimya wake ulivyo na uzito sawa na nota.

Jirekodi kila wiki mkiwa na dramu, lakini usisikilize kwa spika ya simu: uzi wa E ulio wazi ni takriban hezi 41 (mitetemo kwa sekunde), na spika ile ndogo haiwezi kuzitoa. Vaa spika za masikioni, sikiliza kiki (ngoma kubwa ya mguu) na besi peke yake, na uandike ni kipimo cha ngapi mlipoachana.