Hori la mjini Tanga: msimwage saruji kabla wazee hawajapiga vigingi

Mkuu, simamisha hiyo saruji. Umeandika kwamba kikundi chenu kina sanamu tatu za samaki, za nondo na wavu wa kuku, mnataka kuzisimamisha kwenye mdomo wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, mzizungushie miche 2,000 ya mkoko, kisha mwaalike wazee wa Kidigo na akina mama wasuka mikeka siku ya uzinduzi. Ukauliza rangi ipi itahimili maji ya chumvi na kibali kinatoka wapi. Mimi naanza na hao wazee, maana mmewaweka mwisho, na hapo ndipo pesa yenu yote itakapozama.

Uwanda wa tope uliofunguka kuelekea baharini si shamba. Mikoko huota kuanzia karibu na usawa wa kati wa bahari kwenda juu, hadi pale bamvu, yale maji makubwa kuliko yote, linapofika. Chini ya hapo mche unashinda majini saa nyingi mno, mizizi haipati hewa, yale makombe madogo yanayokata mikono yanauvaa shina lote, na wimbi linaumalizia. Jiulizeni: mbegu zinapita hapo kila maji yakijaa, mbona hakuna hata moja iliyoshika? Watu hupachagua kwa sababu ni peupe, hapana mwenyewe, na picha zinatoka vizuri. Na washauri wa warsha wanawatia ujinga. Wetu alituambia tupande popote penye tope, akahesabu miche iliyochomekwa, akaandika ripoti, akaondoka. Baada ya masika hakurudi kuhesabu iliyo hai. Mpaka leo likinijia nachukia.

Saruji inaongeza hasara juu ya hasara. Maji yakikutana na kitu kigumu yanazidi kasi pembeni yake na kuchimba kitakoni. Sanamu inalala ubavu, shimo linageuka mfereji, mfereji unang'oa miche iliyo jirani. Nondo inakula kutu kwa ndani, saruji inapasuka. Rangi ya mafuta inabanduka magamba na kubaki kwenye tope wanamolishia kaa. Kwa hiyo swali la rangi limekwisha: msipake.

Mzee apige kigingi kwanza, msanii afuate. Mtafuteni mvuvi aliyezeeka kwenye hori hilo, na mama aliyekuwa akizika makumbi ya nazi humo. Hao wanajua mkondo ulipita wapi kabla ya kalavati kujengwa, na wapi palikuwa na mchu, mmoja wa miti ya jamii ya mikoko. Maji yakipwa, tembeeni nao mkipiga vigingi vya mwanzi kila hatua tano, toka mkondoni hadi nchi kavu. Subirini bamvu, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, mtie alama maji yalipoishia. Rudieni wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo.

Kisha nendeni kwenye kipande cha karibu ambako mikoko bado ipo, muone nani anasimama wapi: mlilana mbele, mkoko wenyewe (aina iliyobeba jina la kundi zima) kando ya mkondo, msinzi na mkandaa nyuma yake, mchu ukivumilia hadi kule juu kwenye chumvi kali. Siku hiyo hiyo, saa ile ile maji yamejaa pomoni, mmoja apime kina cha maji kwenye shina la mkoko ulio hai, mwingine apime kwenye vigingi vyenu. Kina kwenye kigingi kikizidi kile cha kwenye shina, hapo hapapandwi. Fimbo iliyochorwa sentimita inatosha, na simu za kuambiana saa.

Sasa sanaa. Sanaa yenyewe iwe ndiyo uzio wa kutuliza tope. Safu mbili za mianzi, nusu ya urefu ikiwa imezama topeni, katikati yake mafungu ya makuti na vitawi vilivyobanwa, vyote vimefungwa kwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Juu yake akina mama wasuke mapambo yao wenyewe, kwa mitindo wanayoijua kwenye mikeka, nao ndio waamue umbo. Maji yapenye, yapungue nguvu, yaache tope nyuma. Mkondo msiuzibe hata kidogo. Samaki na mitumbwi hupita hapo, na maji yaliyozibwa yatatoboa pembeni.

Najua Tanga ni katani, mtashawishika. Kwa kazi ya ndani ya maji ya chumvi, katani huoza mapema. Usumba unadumu zaidi, kwa kuwa makumbi yenyewe yamezoea kuzikwa topeni miezi kadhaa kabla ya kupondwa na kusokotwa. Mianzi nayo hutobolewa na wadudu wa baharini, basi wekeni fungu la kukarabati kila mwaka, na wasukaji walipwe ujira wa siku. Fulana na soda si malipo.

Msikate boriti za mikoko kwa ajili ya uzio. Mikoko yote nchini ni hifadhi ya serikali, hivyo kwa kibali anzeni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mjue Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 za ukingo wa bahari. Serikali ya mtaa iwe nanyi tangu siku ya vigingi. Kalavati likiwa limejaa taka, lizibueni kabla ya yote, na msijenge uzio masika yakikaribia.

Tope likipanda, mbegu nyingi zitajileta. Kama lazima mpande, chagueni mbegu za mkoko wenyewe zenye ukosi wa njano chini ya tunda, mtupe zilizotobolewa, mchomeke theluthi moja ya urefu, ncha ikiwa chini, mkiacha mita moja kati ya mche na mche.