Jibu: Kwa nini Obi alitamba mtandaoni halafu akawa wa tatu?

Habari mkuu. Swali lako nimelipata: kabla ya uchaguzi wa urais wa Nigeria wa Februari 2023 ulikuta Twitter nzima ni mgombea Peter Obi, matokeo yakaja Tinubu wa kwanza, Atiku wa pili, kisha Obi. Unauliza kama ni wizi tu.

Anza na nani anaandika. Dubai nilikuwa duka moja na jamaa wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, na kijana Muigbo wa Anambra, jimbo la kwao Obi. Huyu wa Anambra aliposti usiku kucha. Wa Kano simu yake ilikuwa redio ya Kihausa na sauti za WhatsApp, basi. Ukiingia Twitter unamsikia mmoja tu. Na Kano yenyewe ilimpa kura Kwankwaso, mgombea mwingine na gavana wao wa zamani, mtu ambaye huko mtandaoni wala hakutajwa sana.

Halafu tazama waliojitokeza: walioandikishwa zaidi ya milioni 93, waliopiga kura kama milioni 25. Tinubu alipata milioni 8.8, Obi milioni 6.1. Hata hivyo Obi aliibeba Lagos, ngome ya Tinubu mwenyewe, kwa hiyo wale vijana wa mtandaoni hawakuwa hewa.

Wizi? Malalamiko yana msingi wake. INEC, tume ya uchaguzi, iliahidi kurusha matokeo ya kila kituo mtandaoni, ya urais yakakwama. Mahakama ya Juu ilitupa kesi za kupinga matokeo Oktoba 2023.

Ukitaka maoni ambayo wale jamaa wawili wa Dubai wanakubaliana, uliza kuhusu Osimhen, mshambuliaji wa timu ya taifa. Au bei ya petroli.