Kuvuka alama 8 si kuumwa

SWALI: Ndugu mhariri, tumepita vijiji kadhaa vya Rungwe na dodoso la Shirika la Afya Duniani la maswali 20 ya Ndiyo na Hapana. Kati ya watu 400 tuliowahoji, 104 wamefikisha alama 8 au zaidi. Kiongozi wetu anataka ripoti iseme asilimia 26 wana ugonjwa wa akili. Ni sahihi?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Si sahihi. Andikeni kwamba asilimia 26 wamevuka alama mliyoweka. Dodoso hilo ni chekeche: linatenga wanaohitaji kuangaliwa zaidi, halitaji ugonjwa.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme wagonjwa wa kweli ni 40 kati ya hao 400, na dodoso linanasa wagonjwa 80 katika kila 100, na katika kila wazima 100 linawaacha 80 bila kuwanasa. Kwa wagonjwa 40, litanasa 32. Kwa wazima 360, litanasa kimakosa 72. Jumla ni 104, idadi ile ile yenu, na wagonjwa ni asilimia 10 tu. Wazima ni wengi, ndiyo maana kosa dogo kwao huzaa umati.

Makosa hayo huanzia kwenye maswali yenyewe. Dodoso linauliza kuhusu kichwa kuuma mara kwa mara, tumbo kusumbua, kukosa hamu ya kula, kuchoka upesi. Mama anayepikia kuni katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi ya Tukuyu, na mchana kutwa yuko shambani, atajibu Ndiyo mara mbili tatu bila kuwa na sonona. Shuka Kyela wakati wa malaria, alama zitapanda zenyewe. Hata hiyo 8 si amri. Hupimwa upya kila mahali kwa kulinganisha na usaili wa mtaalamu.

Basi mgonjwa ni nani? Amueni kabla ya kwenda kijijini, kwa maandishi. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM-5, kwa mfano, unataka dalili 5 kati ya 9 za sonona, kwa wiki 2, karibu kila siku, moja iwe huzuni au kukosa hamu ya mambo, na ziwe zimemtesa mtu au kumvurugia kazi na maisha yake. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika sana. Ulizeni waziwazi: shamba limelala? Watoto wanapikiwa na nani?

Bado mnaweza kuokoa kazi yenu. Wote 104 wasailiwe na muuguzi au daktari wa afya ya akili. Kati ya 296 waliobaki, chagueni watu 74 kwa kura, yaani mmoja katika kila wanne, nao wasailiwe. Msaili asijue nani alipata alama ngapi, la sivyo atakiona anachokitarajia. Akikuta wagonjwa 32 kwenye kundi la kwanza na 2 kwenye la pili, hao 2 wanasimama badala ya 8. Jumla 40, asilimia 10. Mkigawa tu 34 kwa 178 mtapata asilimia 19, nayo ni makosa.

Na aliyejibu Ndiyo kwenye swali la kufikiria kujiua asingoje ripoti. Mdodosaji azungumze naye faraghani na ahakikishe anaonwa na mtoa huduma siku hiyo hiyo.

SWALI: Dodoso letu lina swali la kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mjane aliyefiwa miezi miwili iliyopita anasema usiku humsikia mumewe akimwita. Niandike Ndiyo?
Msomaji, Mufindi

JIBU: Andika Ndiyo, kisha pembeni maneno yake kama alivyoyasema, na lini alifiwa. Kumsikia marehemu ni jambo la kawaida katika msiba, na peke yake si kichaa. Lakini kuamua si kazi ya mdodosaji. Ukiweka Hapana kwa huruma, mtaalamu hatakuwa na cha kupima. Kama amejibu kwa Kihehe, andika Kihehe chake kwanza ndipo utafsiri.