Unapoulaza mtumbwi wa plastiki

Mdogo wangu, umepata kazi ya kutunza mitumbwi ya plastiki ufukweni, na najua unachohofia ni miamba na chaza wa kwenye mikoko. Chaza hukwaruza tu. Kule Kilifi, mingi niliyoizika ilifia nchi kavu, imelala, hakuna anayeigusa.

Adui wa kwanza ni jua. Mitumbwi mingi ya aina hii ni ya politheni, unga ulioyeyushwa ndani ya kalibu inayozungushwa. Miale ya urujuanimno huikatakata minyororo ya molekuli zake. Kiwandani hutiwa dawa ya kuikinga, lakini dawa haidumu milele. Ukiona wekundu umegeuka waridi, pitisha kiganja: kikitoka na vumbi jeupe kama chaki, plastiki imekauka. Niliushuhudia mmoja wa hivyo ukianguka kutoka kimo cha goti, ukapasuka kama kibuyu. Gundi za kawaida hazishiki politheni. Huungwa kwa kuyeyusha plastiki ya aina yake, nayo iliyokaangwa na jua haiungiki vizuri.

Wazee wa ngalawa watakwambia upake sifa, yale mafuta ya papa. Kwa mbao wana haki, maana mbao hunywa mafuta hayo. Plastiki hainywi. Inataka kivuli, na banda la makuti latosha. Ukitumia turubai, liinue lisigusane na mtumbwi, hewa ipite.

Joto ndilo lililonitia hasara. Masika moja hoteli ilifungwa, nikapanga mitumbwi mitatu juu ya magogo mawili uwanjani, nikaikaza kwa mikanda isipeperushwe na upepo wa kusi. Niliporudi Julai, matumbo yalikuwa yamebonyea kila palipogusa gogo. Chombo cha mbao kina mataruma, mbavu zake za ndani, ya kukibeba. Plastiki haina, na ikipata joto hulegea, ikajikunja polepole kwa uzito wake yenyewe.

Sasa naulaza ubavu. Magogo nayavisha magodoro chakavu, moja robo ya urefu kutoka omo, yaani mbele, jingine robo kutoka tezi, yaani nyuma. Mkanda nauacha legelege, ngumi ipite. Usiuning'inize kwa vishikio vya ncha, utapinda kama ndizi. Na wenye vyumba vya mizigo vilivyozibwa, fungua vifuniko kabla hujauacha mchangani. Hewa ya ndani ikipata moto hutanuka na kuvimbisha kuta. Ukiutia majini ghafla, zinafyonzwa ndani.

Chumvi haili politheni, ila suuza kwa maji yasiyo na chumvi kwa ajili ya skrubu na vyuma vya usukani.

Na ukibonyea, usikate tamaa upesi. Uweke juani saa za adhuhuri, umwagie maji moto penye bonyeo, kisha sukuma kutoka ndani kwa viganja viwili, taratibu, na ushikilie hadi upoe. Kati ya ile mitatu, miwili ilirudi. Wa tatu ulibaki ukivuta kushoto, na sikumpa mgeni tena.