Jengo la Elimu ya Mazingira Linavuja: Tuanzie Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon wilayani Kapchorwa, Uganda, kuna jengo ambamo wanafunzi hufundishwa habari za msitu, vyanzo vya maji na wanyamapori. Paa linavuja, mchwa wamekula kenchi na lipu inabanduka. Kamati yetu imeomba kila kaya ichange fedha, lakini wengi wanasema jengo ni la hifadhi, basi lirekebishwe na hifadhi. Tufanyeje?
Msomaji, Kapchorwa

JIBU: Ndugu msomaji, wanaouliza jengo ni la nani wana haki ya kujibiwa, hasa katika mlima ambao wakazi na hifadhi wamegombania mipaka kwa miaka mingi, kamati ikilikwepa swali hilo itavuna manung'uniko kuliko shilingi. Kabla ya kununua hata bati moja, pateni maandishi yanayoonyesha mwenye kiwanja, na kama kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, ombeni kwanza idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Kisha mwombeni mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) aitishe mkutano, mkubaliane nani atashika funguo na siku zipi ukumbi utatumiwa na wafuga nyuki na vikundi vya akiba. Mtu hatoi jasho lake kwa mlango atakaofungiwa nje.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaagiza kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi zilipwe kwa serikali za mitaa zinazopakana nayo. Fedha hizo hupitia wilayani, hazifiki moja kwa moja mikononi mwa kamati, kwa hiyo pelekeni mradi wenu mapema kwenye parishi, yaani ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, kwani mwaka wa fedha huanza Julai. Kaya zisizo na fedha zilete mchanga, mawe au siku ya kazi, na thamani ya kila mchango ibandikwe ukutani pamoja na risiti.

Anzeni na paa, tena katika kiangazi cha Desemba hadi Februari, kwa kuwa lipu mpya chini ya paa linalovuja ni hasara tupu. Ng'oeni kenchi zilizoliwa, tafuteni njia ya mchwa kuanzia kwenye msingi, na mbao mpya zitiwe dawa kabla ya kupandishwa. Palipo na ukuta wa kujengwa upya, tumieni matofali ya udongo na saruji yanayoshindiliwa kwa mashine, ambayo hayachomwi bali hufunikwa na kumwagiwa maji mpaka yakomae. Ni aibu ukumbi unaofundisha watoto kulinda miti ukakarabatiwa kwa tofali lililoteketeza miti.

SWALI: Popo wamejaa darini. Tuwafukuze kwa moshi?

JIBU: Hapana. Popo wanaokaa kwenye mapaa ya nyumba kwa kawaida hula wadudu. Subirini makinda yaweze kuruka, kisha zibeni matundu usiku wakiwa wametoka, mkihakikisha hakuna aliyebaki ndani. Msiwashike kwa mikono mitupu, kwani popo wengine hubeba maradhi hatari: mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa virusi vya Marburg baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo. Kinyesi chao kiloweshwe maji kabla ya kuzolewa, na anayekizoa avae barakoa na glavu.