Nimekaa Marekani miaka 24 bila makaratasi, je ile sheria ya miaka kumi inanihusu?

SWALI: Wakili habari za kazi. Niko Maryland, niliingia 2001 kwa viza ya kutembea, nikapewa miezi sita, sikurudi. Nafanya kazi ya kulea wazee na kodi nalipa kila mwaka kwa ITIN, ile namba ya kodi ya asiye na Social Security. Mwanangu kazaliwa hapahapa, anatimiza 21 mwakani mwezi wa nne. Kuna kaka mmoja anasaidia watu mambo ya makaratasi, ameniambia mtu akishamaliza miaka kumi sheria inampa grinkadi, anataka dola 7,000, nusu tunaanzia, na kibali cha kazi kitatoka ndani ya miezi sita. Mama yangu yuko Moshi anaumwa sana, nataka nikishapata nikamwone. Je nilipe?

JIBU: Dada yangu, pole sana na mama. Usilipe. Hata nusu, hata mia ya kushikia nafasi. Na kama kuna karatasi yoyote umeshaisaini kwa huyo kaka, kabla ya kitu kingine chochote tafuta ujue ilikuwa fomu gani, maana hapo ndipo watu wanapopotelea.

Hii habari ya miaka kumi naisikia kila mahali, kanisani, msikitini, kwenye magrupu ya WhatsApp, mpaka misibani watu wakiwa wamekaa wanachangishana, na kila ninayemwambia kwamba sivyo ananiangalia kama vile namnyima haki yake. Sheria yenyewe ipo, na ndio maana uongo wake unauzika. Lakini hakuna dirisha lolote pale USCIS, idara ya serikali inayopokea maombi ya uhamiaji, unapopeleka miaka yako kumi ukapewa grinkadi. Ni utetezi wa mahakamani. Fomu yake inaitwa 42B, anayeiamua ni jaji wa uhamiaji peke yake, na ili ufike mbele ya huyo jaji ni lazima kwanza serikali iwe imekufungulia kesi ya kukuondoa nchini. Yaani unaomba kubaki wakati umeshashtakiwa uondoke. Mtu ambaye hana kesi, kama wewe, anayekwambia "tunafaili miaka kumi" anachomaanisha ni kwamba atakupeleka mwenyewe kwa miguu yako ukashtakiwe, ila hiyo sehemu hakwambii.

Alafu hiyo miaka kumi ni sharti moja tu, tena ndilo jepesi. Kuna tabia njema, kuna kutokuwa na makosa fulani ya jinai, na kuna lile linaloua kesi nyingi: uthibitishe kwamba ukiondoka, mume au mke wako, mzazi wako au mtoto wako ambaye ni raia au ana grinkadi atapata mateso makubwa kupita kawaida kabisa. Mateso yako wewe hayahesabiwi. Kutengana, kulia, maisha kuwa magumu, mtoto kukosa mzazi, hayo sheria inayaona ni ya kawaida. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya uhamiaji iliamua kesi ya Monreal, Mmexico aliyeingia akiwa kijana mdogo akakaa miaka 20, wazazi wake wana grinkadi, ana watoto raia, akakataliwa. Mwaka uliofuata kwenye kesi ya Recinas alikubaliwa mama aliyekuwa analea watoto sita peke yake, wanne wao raia, na ndugu zake wote wako Marekani kihalali hana hata wa kumpokea kwao. Huo ndio urefu wa ngazi. Na wanaopewa kwa njia hii wamewekewa kikomo cha 4,000 kwa mwaka, nchi nzima, wakati mahakama za uhamiaji zina kesi zaidi ya milioni 3 zinazosubiri.

Sasa angalia ya kwako. Kwenye 42B mtoto anahesabika akiwa chini ya miaka 21 na hajaoa, na anatakiwa awe bado hivyo siku jaji anapoamua, haijalishi ulifaili lini. Mwanao anafika 21 mwezi wa nne. Kesi ya mahakamani inaweza kuchukua miaka. Kama huna mume au mzazi mwenye uraia au grinkadi, siku ya hukumu utasimama pale huna hata mtu mmoja anayehesabika. Huyo kaka anakuuzia kesi ambayo mguu wake unakatika mwezi wa nne, na mwezi huohuo ndio mlango wako wa kweli unafunguka. Ama hajui, ama anajua na hajali, na mimi sioni tofauti.

Na hicho kibali cha kazi cha miezi sita kinatoka wapi? Asailamu. Ndio mchezo wenyewe. Anakufailia ombi la hifadhi bila kukueleza, au anakueleza juujuu kwamba ni "hatua ya kwanza ya miaka kumi". Kwa miaka mingi kanuni imekuwa kwamba ombi la asailamu likifikisha siku 180 bila kuamuliwa mwombaji anaweza kupewa kibali cha kazi, basi kinakuja kweli, unafurahi, unamwambia shoga yako naye anapeleka hela. Alafu barua ya usaili inafika. Unakaa mbele ya afisa anakuuliza Tanzania ni nani alikutesa, unaogopa kurudi kwa sababu gani, na wewe hujui hata kilichoandikwa humo ndani. Asailamu inatakiwa iombwe ndani ya mwaka mmoja toka uingie, wewe umekaa 24, afisa anakupa barua ya kwenda kwa jaji, na hapo kishoka anakwambia mambo yanaenda vizuri, ongeza dola elfu nne za mahakama.

Kuna baya zaidi ya hapo. Kama ndani ya ombi kumewekwa hadithi ya kutunga na wewe umesaini, jaji akikuta umedanganya kwa makusudi kwenye jambo la msingi, sheria inaruhusu ufungiwe faida za uhamiaji za Marekani maisha yako yote. Mtoto raia hawezi kukutoa hapo, wala mume raia. Wapo wenzetu waliojilipua zamani, yaani walioomba asailamu kwa majina ya Kisomali au Kirundi, wakidhani yale yamepita, leo watoto wao wakubwa wanataka kuwafailia, alama za vidole zinatoa lile faili la zamani na kila kitu kinasimama.

Turudi kwako, na hapa ni habari njema. Uliingia kwa viza, ukakaguliwa, ukagongewa mhuri. Mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21 yuko kwenye kundi la ndugu wa karibu kabisa, halina foleni ya viza, na kwa kundi hilo kuzidisha muda na kufanya kazi bila kibali havikuzuii kuomba grinkadi ukiwa hapahapa ndani. Mwanao anafaili I-130 ya kuthibitisha kwamba wewe ni mzazi wake, wewe I-485 ya kuomba grinkadi yenyewe, zinaweza kwenda pamoja kwenye bahasha moja. Siku moja kabla ya hiyo birthday haifai, subiri itimie. Atatakiwa kusaini I-864 ya kukudhamini, na kama ni mwanafunzi hana kipato, mtu mwingine raia au mwenye grinkadi ambaye kipato chake kinafika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini anasaini kuongezea. Kodi uliyolipa inakusaidia kuonyesha tabia, endelea kuilipa, ila usidhani kodi peke yake inazaa makaratasi.

Kabla ya kufaili kuna mambo matatu umwambie loya wako ukweli mtupu, hata kama yanaaibisha. Je ile pasipoti ya 2001 ilikuwa ya jina lako? Je uliwahi popote, kazini kwenye fomu I-9, DMV wanapotoa leseni za udereva, shuleni, kuweka tiki kwenye kiboksi cha raia wa Marekani, au kupiga kura? Je uliwahi kupata barua ya mahakama ya uhamiaji ukahama nyumba ukaiacha? Hilo la pili watu wanalichukulia poa sana, wanasema si ilikuwa kazi tu, ilhali kujifanya raia toka mwisho wa Septemba 1996 ni kizuizi cha maisha na karibu hakina msamaha. Mtu anaweza kuzidisha viza miaka 24 akasamehewa, alafu tiki moja ikamzuia. Ndio sheria ilivyo, sijaitunga mimi.

Kuhusu kwenda Moshi. Najua unachotaka kusikia na siwezi kukwambia. Ukipanda ndege leo, unajifungia mwenyewe. Sheria ya 1996 inasema aliyekaa bila hadhi zaidi ya mwaka mmoja, siku zikihesabiwa toka tarehe 1 Aprili 1997, akitoka haruhusiwi kurudi miaka 10. Adhabu hiyo inalala tu ukiwa ndani, inaamka unapovuka mpaka. Na sikiliza hapa vizuri kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapoumia: msamaha wa hiyo miaka 10 unaombwa kwa mateso ya mume au mke, au mzazi, ambaye ni raia au ana grinkadi. Mtoto hayumo. Kwahiyo mwanao huyohuyo anayeweza kukupa grinkadi ukiwa Maryland, ukishakuwa Moshi hana nguvu ya kukuombea msamaha. Wako wamama wametoka wakijua "mtoto atanifailia nikiwa nyumbani", I-130 ikapita kabisa, wamefika dirishani ubalozini wakaambiwa warudi baada ya miaka kumi.

Ukishafaili I-485 unaweza kuomba ruhusa ya kusafiri kwa fomu I-131, na kwa mgonjwa mahututi kuna namna ya kuomba iharakishwe kwa barua ya hospitali. Mahakama ya rufaa ya uhamiaji iliamua mwaka 2012 kwamba anayetoka na hiyo ruhusa mkononi hahesabiwi kuwa "ametoka" kwa ajili ya kile kifungo cha miaka 10. Lakini usikanyage uwanja wa ndege kabla loya hajapitia faili lako lote, hasa kama kuna chochote cha mahakama humo. Mpaka hapo mwambie mama ukweli wa kwa nini huji. Wazazi wengi kule wanadhani mtoto amewasahau, na watoto wanaogopa kusema hawana makaratasi, basi kila upande unaumia peke yake.

Sasa wengine mnaosoma hapa na hamna mtoto wa kufikisha 21. Wengi wenu mnasema "nasubiri". Nauliza, unasubiri nini, umepanga foleni gani? Mtu ananijibu niko hapa toka 1998. Miaka ya kukaa kwako haiandikwi mahali popote ikikusubiria. Sheria pekee ambayo muda wenyewe ndio unabeba ombi ni ile ya walioingia kabla ya tarehe 1 Januari 1972, na hiyo tarehe haijasogezwa toka 1986. Mwaka 2022 ulipelekwa muswada Bungeni kwao uifanye iwe miaka 7 ya kukaa, haukupita. Msamaha mkubwa wa mwisho ni huohuo wa 1986, walipata watu kama milioni 2.7, na wengi wa waliohusika walikuwa wameingia kabla ya 1982. DACA ya 2012 haikuwa grinkadi, ni kinga ya muda na kibali cha kazi kwa walioletwa wakiwa watoto. Lakini kila uchaguzi ukikaribia naona matangazo "msamaha unakuja, jiandikishe mapema, dola 500". Unajiandikisha wapi? Sheria ambayo haijapitishwa haina fomu.

Aliyefailiwa na kaka au dada yake raia, hilo ni foleni kweli, lakini ni zaidi ya miaka 15, na kuwa kwenye hiyo foleni hakukupi ruhusa ya kukaa wala kazi. Aliyeingia kwa kuvuka mpaka bila kukaguliwa, aulize kama kuna yeyote aliwahi kumfailia yeye au wazazi wake mpaka kufikia tarehe 30 Aprili 2001, hata kama lile ombi lilisahaulika, kwa sababu kuna kifungo kinachoweza kumruhusu amalizie hapahapa kwa kulipa dola 1,000 za ziada. Anayepigwa na mume raia au mwenye grinkadi anaweza kujifailia mwenyewe na mume asijue, na hili nawaomba wadada mlishike. Hivi vitu vipo. Vishoka hawavitaji kwa sababu vinataka mtu asome faili, na kishoka hasomi faili, anajaza fomu ileile kwa kila anayeingia mlangoni.

Utamjua hivi. Notari wa Marekani kazi yake ni kushuhudia saini, basi, hana ruhusa ya kukushauri sheria. Wakili jina lake liko kwenye orodha ya chama cha mawakili cha jimbo, unalitafuta mtandaoni dakika mbili. Asiye wakili lakini anaruhusiwa ni yule aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria akiwa ndani ya shirika linalotambuliwa, na orodha yao pia iko wazi. Mwisho wa fomu nyingi za uhamiaji kuna sehemu ya jina la aliyekusaidia kuijaza. Kishoka anaiacha tupu. Kwahiyo kwenye kumbukumbu za serikali inaonekana umejaza mwenyewe, umeelewa kila neno, umeapa, na siku mambo yakiharibika yeye hayupo popote kwenye lile karatasi. Mwambie huyo kaka wako aandike jina lake na kusaini pale uone kama ataendelea kukupigia simu.

Kwa miezi hii iliyobaki, dada, omba nakala ya faili lako la uhamiaji serikalini, uone kama kuna mtu aliwahi kufaili kitu kwa jina lako. Tafuta I-94 yako, ile rekodi ya kuingia nchini, mwaka ule ilikuwa kikaratasi cheupe kilichobanwa ndani ya pasipoti. Na pasipoti yenyewe ya 2001, kama ulipobadilisha walikata kona wakakurudishia, itafute uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanao, hiyo kurasa yenye mhuri wa kuingia ndiyo itakayobeba ombi lako lote.